Nasomea uhasibu Nairobi lakini moyo uko kwenye viazi vya Kinangop: ni mimi au ni malezi?

SWALI: "Nina miaka 21. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Nairobi, nasomea shahada ya biashara, upande wa uhasibu. Nimezaliwa Kinangop kwa wazazi wanaolima viazi na kabeji na kufuga ng'ombe watano wa maziwa. Tangu utotoni nimeambiwa nisome nisije nikashika jembe kama wao, na nimesoma. Lakini kila likizo ikiisha sitaki kurudi chuo, na nikiwa darasani nafikiria mbegu na bei za viazi. Kaka zangu wawili hawataki hata kusikia habari za shamba. Nataka kuacha uhasibu nianze kozi ya kilimo. Rafiki yangu anasema haya si mapenzi, ni malezi tu, kwamba sijui kitu kingine. Mama akisikia atalia, maana waliuza ng'ombe wawili ili nije chuo. Nitajuaje kama uamuzi huu ni wangu au ni malezi yananivuta?"

JIBU: Binti yangu, nikikuelewa vizuri unaogopa mambo mawili. Unaogopa kupoteza miaka miwili ya masomo na jasho la wazazi wako kwa tamaa ambayo huenda ikapita. Na unaogopa kukaa kimya, umalize shahada, uajiriwe, halafu uishi ukijiuliza ingekuwaje. Hofu zote mbili zina msingi. Aliyokwambia rafiki yako ndiyo hayana, kwa hiyo tuyatoe njiani kwanza.

Hakuna mtu anayependa kazi fulani bila malezi yake kuhusika. Kijana wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake akiingia biashara, watu husema ana kipaji. Binti wa daktari akisomea udaktari hupongezwa. Mtoto wa mkulima akitaka kilimo ndiye anayeambiwa hajui kitu kingine. Nimeongea na vijana wengi wa vyuo vya hapa jijini, na wanaotakiwa kujitetea hivyo mara nyingi ni wale waliotoka shambani. Kitu kuwa kimetoka kwa malezi hakukifanyi kisiwe chako. Kitakuwa chako ukishakichunguza, ukakijua ubaya wake, na bado ukakitaka.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Krumboltz, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mtu huelekea kwenye kazi kwa yale aliyojifunza kwa kutenda na kwa kutazama wengine: alichojaribu kikafaulu, alichosifiwa, alichomwona mwenzake akikifanya na yaliyompata. Sasa fikiria mtoto wa nyumba ya wakulima. Mwenzake wa mjini hukutana na kazi ya kweli akiwa na miaka ishirini na kitu, kwenye mafunzo ya miezi mitatu ofisini. Wewe, bila shaka, ukiwa darasa la tano ulikuwa umeshafundishwa kukamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili uone kama maziwa yana mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Pengine umewahi kukata kiazi cha mbegu ukakuta pete ya kahawia inayotoa utomvu, na ukajua kwamba kipande kile cha shamba kina mnyauko na hakifai kupandwa viazi msimu ujao. Huo ni ujuzi, na mtu akijua kwamba mkono wake unaweza kitu, moyo hukifuata. Usishangae kwamba darasani akili yako inakimbilia huko.

Lakini malezi hayohayo hufundisha na hofu, na hapa ndipo wengi hawajitazami. Nyumba ya mkulima haina tarehe ya mshahara. Kuna hela ndogo ya maziwa, kuna hela ya viazi inayokuja kwa mkupuo, na kuna miezi ambayo hakuna hela. Mtoto anayeona karo ikisubiri mavuno, halafu mavuno yakaja na bei ikaanguka, au sakitu ya Januari ikaunguza majani usiku mmoja, hukua na kiu ya payslip. Nadhani hiyo ni sehemu ya habari ya kaka zako. Usiwahukumu kwamba wamesahau walikotoka. Huenda waliangalia shamba lilelile uliloliangalia wewe, ila wao walikaa karibu zaidi na baba siku aliporudi kutoka sokoni mikono mitupu.

Kisha kuna shule. Wangapi wetu tulipochelewa au tulipoongea Kikuyu darasani tulipewa jembe tukalime shamba la shule? Mtu anayepewa jembe kama adhabu miaka minane, kisha akaambiwa nyumbani "soma usije ukawa kama mimi", hawezi kulisikia neno kilimo bila kusikia kushindwa ndani yake. Linda Gottfredson, mtafiti mwingine wa Marekani, aliandika mwaka 1981 kwamba watoto hawachagui kazi kwa kuongeza majina kwenye orodha, wanafuta. Wakiwa na miaka kama sita hadi minane hufuta kazi wanazoona ni za jinsia nyingine. Kuanzia kama tisa hadi kumi na tatu hufuta zile ambazo jamii inazidharau. Kwa hiyo umri ambao mtu angeanza kujiuliza yeye mwenyewe anapenda nini, nusu ya orodha imeshafutwa na watu wengine. Kwako ukulima ulifutwa mara mbili, kwa kuwa ni jembe na kwa kuwa wewe ni msichana. Nakisia kwamba mipaka ya shamba walionyeshwa kaka zako, na wewe ukakabidhiwa ndoo ya maziwa. Kama nimekisia sawa, basi hamu yako imepona kufutwa kote huko, na hiyo ni sababu moja ya kuichukulia kwa uzito.

Sababu moja, nasema, kwa maana bado kuna jambo la kuchunguza. Umeandika kwamba hamu hii inazidi likizo inapoisha. Jiulize kwa makini: unatamani shamba, au unatamani nyumbani? Nairobi ni mji mgumu kwa mtu aliyezoea kujulikana. Kinangop ukipita njiani unasalimiwa kwa jina la baba yako. Hapa unaweza kukaa hosteli muhula mzima bila wa chumba cha pili kukujua. Upweke wa namna hiyo hujivika nguo nyingi, na mojawapo ni "kozi hii si yangu". Jaribu hivi: ukiwa na wiki nzuri hapa jijini, una marafiki, umelala vizuri, matokeo si mabaya, je, viazi bado vinakujia akilini? Vikija hata wiki hiyo, basi si upweke peke yake. Na jambo la wajibu pia litazame. Kaka zako wamekataa, baba anazeeka, mtu mmoja lazima abaki. Wajibu ni kitu cha heshima, ila ukiubeba ukidhani ni mapenzi, baada ya miaka mitano utawachukia kaka zako.

Sasa nije kwenye kozi. Wengi hudhani kozi ya kilimo chuoni hutengeneza mkulima. Ni kweli kwamba Egerton ilianza mwaka 1939 kule Njoro kama shule ya kufundisha watu kuendesha mashamba. Lakini shahada za siku hizi, iwe Egerton, kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja, kwa sehemu kubwa huandaa mtaalamu: afisa wa ugani wa kaunti, mtafiti, mkaguzi wa mbegu, mtu wa kampuni ya pembejeo, mwalimu. Utasoma kemia ya udongo, jenetiki, takwimu na magonjwa ya mimea. Ni masomo mazuri sana kwa anayeyapenda. Kwa anayetaka tu kulima viazi vilipe, miaka minne ni njia ndefu.

Ndiyo maana nilisimama kwenye sentensi yako moja: darasani unafikiria "mbegu na bei za viazi". Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina njia yake. Mbegu ni sayansi. Bei ni biashara. Usiku ukiwa peke yako na simu mkononi, unasoma nini bila kuambiwa na mtu? Ni kwa nini aina fulani inastahimili ukungu wa majani na nyingine inakauka wiki moja? Au ni kwa nini gunia lililotoka Kinangop kwa bei ya kutupa linauzwa Nairobi kwa bei nyingine kabisa?

Kama ni hilo la pili, ngoja nikuonyeshe uhasibu unavyokaa ndani yake. Wakulima wengi wa kwenu hupanda aina ya viazi iitwayo Shangi kwa sababu inakomaa haraka na walaji wa mjini wanaipenda. Lakini Shangi huchipua upesi baada ya kuvunwa. Mkulima asiye na mahali pazuri pa kuhifadhi hawezi kusubiri bei ipande; anauza wiki ileile jirani zake wote wanauza. Broka anajua hivyo. Anakuja na lori, anataka lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu likajazwa kupita kiasi, ingawa kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Baba yako anakubali, kwa kuwa kukataa ni kuviacha viazi vichipue ghalani. Tatizo hapo si baba yako kutojua kulima. Ni hifadhi, vipimo, mkataba, na mtaji wa kusubiri miezi miwili. Chama cha ushirika kinachotaka kujenga ghala la baridi kinahitaji mtu wa kuandika hesabu ambazo benki itaziamini, na mtu huyo akiwa anajua pia lumbesa ni nini, wanachama watamsikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa niliyoyasoma kwenye barua yako, ni huu: usiache uhasibu muhula huu. Kwanza pima. Ukiwa nyumbani likizo ijayo, fanya hesabu kamili ya msimu mmoja wa viazi vya baba yako, kama mhasibu anayefanyia mteja. Mbegu, mbolea, dawa za ukungu ambazo msimu wa mvua hupulizwa karibu kila wiki, vibarua, magunia, usafiri. Weka na kodi ya ardhi, hata kama ardhi ni yenu, kwa kiwango ambacho jirani angekodisha. Kisha weka kile ambacho nyumba za wakulima haziandiki kamwe: siku za mama yako. Kila siku aliyoinama palizi au mavuno, iandike kwa bei ya kibarua. Halafu gawanya gharama yote kwa idadi ya magunia, yakiwa yamepimwa kwa kilo na si kwa lumbesa.

Kazi hii ina faida tatu kwa mpigo. Utajua kama unapenda kilimo hata kikiwa ni karatasi yenye tarakimu mbaya. Utawapa wazazi wako kitu walichokuwa hawana. Na utaona kama shamba lile linaweza kulipa mshahara wa mtu mzima au lilikuwa linasimama kwa nguvu za mama ambazo hazikuwahi kulipwa. Jiandae kwa jibu hilo la mwisho, maana huuma. Ukilipata, utaelewa kwa nini mama anataka ukae ofisini. Hadharau kazi yake. Anajua inavyomgharimu mgongo.

Pia nenda Soko la Wakulima hapa Nairobi, lile liitwalo Marikiti, kabla ya jua kuchomoza, siku ambayo viazi vimejaa. Usiende kununua. Simama na mtu wa Kinangop aliyeleta mzigo, umsikie anavyotajiwa bei. Na ukipata nafasi, fika Tigoni karibu na Limuru, ambako kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, hufanya utafiti wa viazi, uwaulize wanaohudumia mbegu siku yao ya kazi ikoje. Saa moja ya maswali mahali pa kazi itakufundisha kuliko mwezi wa kuwaza. Angalia mwili wako unavyopokea sehemu zote mbili. Kuna atakayetoka Marikiti akiwa amechoka na hasira lakini kichwa kimejaa mawazo, na kuna atakayetoka akiwa hataki kurudi tena. Yote mawili ni majibu halali.

Ukikuta kwamba kilichokushika ni sayansi yenyewe, magonjwa, mbegu, udongo, basi sitakuambia uvumilie uhasibu hadi mwisho. Hapo badilisha, tena mapema, kwa kuwa kila muhula unaoongeza unaifanya hatua hiyo kuwa ghali zaidi. Lakini badilisha macho yakiwa wazi. Kozi za sayansi ya kilimo hutazama alama zako za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, katika masomo kama biolojia na kemia, kwa hiyo toa cheti chako uangalie kabla hujaota zaidi. Huenda ukalazimika kuanza mwaka wa kwanza. Kama unasoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, muda ulioutumia tayari utahesabika kwa namna fulani, na mkopo uliochukua utabaki kuwa deni lako.

Ukikuta kilichokushika ni biashara ya chakula, maliza shahada, fanya mitihani ya CPA, ile ya wahasibu wa kitaaluma, ukiweza, na tafuta nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye ushirika wa maziwa, Sacco ya wakulima au kiwanda cha kukaanga krispi badala ya ofisi ya ukaguzi mjini. Njia hii nayo ina ubaya wake. Mshahara wa mwanzo katika mashirika ya wakulima mara nyingi ni mdogo kuliko wa benki, na utafanya kazi na kamati za wazee ambao hawajazoea kuulizwa risiti na msichana.

Na kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: kurudi na kulima mwenyewe. Hapo nakuomba uongee habari ya ardhi kabla ya habari ya mapenzi. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na sheria ya urithi haimtengi binti na mwana. Lakini urithi huja baba akishafariki. Akiwa hai shamba ni lake, anaweza kukukatia sehemu au asikukatie, na kukata shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Nimeona mabinti waliorudi nyumbani, wakatia akiba yao yote kwenye mabomba ya maji na ng'ombe wa gredi, kisha kaka aliyekuwa hataki kusikia habari za shamba akarudi siku thamani ilipopanda. Kama utaweka pesa na miaka yako pale, hata mkataba wa kukodi kutoka kwa baba yako mwenyewe, ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, ni bora kuliko ahadi ya jikoni. Kwa hilo onana na wakili. Usitegemee jibu langu.

Kuhusu kuwaambia wazazi, usianze kwa "nataka kuacha chuo". Usiwaambie kwa simu, wala wiki ya karo. Nenda na ile karatasi ya hesabu, umkalishe baba kwanza umsomee, umwombe akurekebishe. Atakurekebisha sana, na katika kukurekebisha mtakuwa mmeanza kuzungumza kama watu wa kazi moja. Mama naye mwambie wazi kwamba umehesabu siku zake. Anaweza kulia. Mpe nafasi, na usimjibu haraka kwamba umeamua. Wale ng'ombe wawili hawakuuzwa ili uwe mhasibu tu. Waliuzwa ili uwe na uwezo wa kuchagua, ingawa huenda wao wenyewe hawajawahi kulisema hivyo, na ni haki yako kuwauliza.

Jambo moja nataka ulichukue bila kuchelewa. Kama kutotaka kurudi chuo kumeambatana na kukosa usingizi, kulia bila sababu, kuacha kula, kukosa madarasa, au mawazo kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo, hilo halingoji likizo wala hesabu ya viazi. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi uombe kuonana na mshauri ana kwa ana, au piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ni bila malipo. Uamuzi wa kozi usifanywe ukiwa katika hali hiyo. Unasubiri mpaka utulie.

Kama uko salama, basi wiki hii pita ofisi ya msajili wa chuo ukaulize maswali mawili: mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuhamia kozi nyingine kwa utaratibu gani na kabla ya tarehe ipi, na je, anaruhusiwa kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja bila kupoteza nafasi yake? Omba majibu kwa maandishi. Ukienda nyumbani likizo ukiwa nayo mfukoni, utaongea na wazazi wako ukijua hasa unachowaomba.